Kabla Hujatia Sahihi

Simu ya banda la Nesta Pugh huipokea mimi,
kule juu Tregaron, ambako mvua haina adabu,
na masharti nayasoma kwa sauti ya anayehesabu chenji:
somo ni dakika arubaini na tano,
nusu ya ada mkononi mapema,
ukiahirisha chini ya saa ishirini na nne, pesa hazirudi.
Kimya upande wa pili. Kisha:
hata mtoto akishikwa na homa?
Hata akishikwa na homa, mama.
Farasi hana habari ya homa ya mwanao.
Shayiri ya asubuhi ameshaila,
na mhunzi wa kwato anataka chake Ijumaa.

Karatasi ina kurasa mbili.
Nesta aliiandika kwa penseli
nyuma ya mfuko wa pumba;
mimi niliipiga chapa tu, nikampunguzia matusi.
Watu huisoma kama maandishi ya chupa ya dawa,
jicho moja limeshakwenda uwanjani.
Hawajui kwamba kila sharti lina mwenyewe.

La tatu, viatu viwe na kisigino,
ni la Emrys Bebb, mwalimu wa hesabu.
Alikuja na raba nyeupe;
mguu ukapenya kwenye kikuku hadi kifundoni,
akaburutwa toka lango la chini mpaka hori la maji.
Leo anatembea. Ngazi ndizo zinazomsema.

La tano, pete na hereni zivuliwe,
ni la Mared, binti wa muuza nyama.
Hilo silielezi kwenye simu.

La sita: farasi hakaribiwi kwa nyuma.
Piga hodi, kwa sauti, ukitokea begani.
Naye ana nyumba, na nyumba yake ni pale anapoona.

Kwenye uzito Nesta hakutaka mapambo:
kilo themanini na tano, basi.
Si tusi. Ni mgongo wa mtu mwingine.
Bwana mmoja wa Cardiff alijipunguza kilo kumi kwa kalamu.
Brithyn alimzungusha mara moja;
mara ya pili akasimama katikati ya uwanja,
akageuza shingo,
akamtazama kama mdai anavyomtazama mdaiwa.
Pesa tulimrudishia. Ilikuwa mara ya kwanza.

Kofia ngumu tunaazima bure.
Ila kofia iliyokwisha kuanguka na kichwa ndani
haivaliwi tena, hata isipoonyesha ufa.
Iko moja kwenye rafu ya ofisi, ya buluu.
Naipangusa vumbi kila Jumatatu.
Wageni huuliza bei.

Ni yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
kiunzi kifupi, asubuhi kavu,
visigino chini, nywele zimefungwa,
hatamu nimezishika kama nilivyofundishwa.
Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Mimi nililisikia. Guu likavunjika vilevile,
na wiki nzima ya mwezi Mei sinayo,
imebaki huko kwenye nyasi.

Ndiyo sababu ya sharti la kumi na mbili,
lile wanaloliruka wakitafuta pa kutia sahihi:
kwamba baada ya uangalifu wote
mnyama hubaki mnyama, na ardhi hubaki ngumu.
Nesta alitaka kulifuta, linafukuza wateja.
Nilimwambia, ukilifuta, simu upokee mwenyewe.

Leo amepiga bibi mmoja, ana mjukuu wa miaka tisa, Tegid.
Nimemsomea yote, hata la kumi na mbili, polepole.
Akanyamaza. Nikasikia birika likilia jikoni kwake.
Akauliza, na wewe, bado unapanda?
Nikatazama dirishani. Brithyn alikuwa anajikuna kwenye nguzo.
Jumapili, nikasema, kabla watu hawajaja.
Basi muandike, akasema. Jumamosi.
Mlete robo saa kabla, nikamwambia.
Na soksi ziwe ndefu, ngozi ya tandiko huchubua.